Kabla hujaikagua nyumba, kagua ardhi iliyoibeba: mwongozo kwa wanunuzi wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Nyumba ya kwanza niliyoikagua maishani niliikagua vibaya. Ilikuwa ya shangazi, au tuseme alikuwa anataka iwe yake: vyumba vitatu, bati la rangi, uzio, pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Ilikuwa Agosti, vumbi tupu. Nikajaribu milango, nikafungua mabomba, nikapanda darini na tochi, nikashuka nikamwambia, "Shangazi, hii nyumba nzima." Aprili iliyofuata akanipigia: mlango wa chumba cha nyuma haufungi, na kwenye kona kuna ufa unaoingia kidole. Fundi alipochimba pembeni mwa msingi alitoa mifuko ya nailoni, vigae vya chungu, majivu ya tanuri na vipande vya tofali zilizoungua kupita kiasi. Kona ile ilikuwa imekaa juu ya shimo la wapiga tofali lililofukiwa kwa taka. Bibi jirani alikuwa anajua siku zote. "Sasa mwanangu," aliniambia, "si hamkuniuliza?"

Tangu hapo, ndugu au rafiki akiniomba nimsindikize kuangalia nyumba, naanza na udongo, tena siku kadhaa kabla ya kukanyaga sebuleni. Ufa hufichwa na rangi ya wiki mbili, lakini udongo wa mtaa mzima haufichiki. Na ukishaujua udongo, unajua pia ufa uutafute wapi. Mfinyanzi unaovimba hupasua nyumba kwa namna yake, shimo lililofukiwa kwa namna yake, na mteremko kwa namna yake. Ukiingia bila kujua unapambana na kipi, utaishia kusifia vigae vya bafuni kama nilivyofanya mimi.

Kazi nzima inachukua kama wiki moja ya vipande vipande. Vifaa ni jembe, chepe, chupa mbili za plastiki, futi, nondo na salamu.

Ujue kwanza ni nchi ya udongo gani

Nyanda za Juu Kusini hazina udongo mmoja, na mtu aliyejenga Mafinga asikushauri moja kwa moja kuhusu nyumba ya Uyole.

Mbeya mjini, Uyole na njia yote ya kwenda Tukuyu ni ardhi ya volkano. Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi, Ngozi na ziwa lake la kreta, na Kyejo iliyomwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, zote zimeacha majivu na mawe mepesi yenye matundu. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita ulitandaza mawe hayo kwa matabaka. Angalia kingo za barabara zilizochongwa: utaona udongo mweusi juu, kisha mkanda wa kijivu au wa njano wa vijiwe ukiokota kimoja hakina uzito, kisha udongo mwingine wa kahawia. Udongo huu ni mwepesi, unashika maji mengi kuliko unavyoonekana, na una tabia moja ya kudanganya: ukiuchonga wima wakati wa kiangazi unasimama kama ukuta, hata mita tatu, mwaka wa kwanza na wa pili. Halafu inakuja masika moja nzito, unashiba, unashuka wote kwa mpigo. Maji nayo hupita haraka kwenye tabaka la vijiwe mpaka yagonge udongo mzito chini yake, yakatembea pembeni na kutokea kwenye kiwanja cha mtu wa chini. Ndiyo maana kuna nyumba zenye sakafu mbichi mwezi mzima baada ya mvua kukatika.

Milima yenyewe si pambo. Aprili 2024 tope kutoka mlima Kawetere lilishuka katika kata ya Itezi jijini Mbeya likafunika nyumba na majengo ya shule. Anayenunua nyumba chini ya mteremko wowote, kuanzia chini ya Loleza hadi Igawilo, asome udongo wa juu yake kabla ya ule wa chini yake.

Ukishuka kuelekea Igurusi, Chimala na Rujewa unaingia bonde la Usangu, na hapo sehemu nyingi ni mbuga: udongo mweusi wa mpunga. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa ng'ombe unaingia, masika unavimba na kunata kwenye viatu kama gundi. Kwa mpunga ni baraka. Kwa msingi wa nyumba ya kawaida ndio udongo mbaya kuliko wote nitakaoutaja humu, maana hunyanyua na kushusha nyumba kila mwaka. Kyela ni habari nyingine: tambarare iliyoletwa na mito hadi Ziwa Nyasa, maji ya ardhini yako karibu sana, mafuriko si mageni.

Iringa mjini ni mawe na udongo mwekundu. Watu hupiga picha jiwe la Gangilonga, ila mnunuzi wa nyumba anapaswa kuwaza mawe yaliyofunikwa. Mwamba unaweza kuwa nusu mita chini ya sebule na mita tatu chini ya jiko. Nyumba hiyo imekaa nusu juu ya jiwe lisiloshuka hata chembe, nusu juu ya udongo unaoshuka kidogo kidogo, na ufa hutokea pale pale mpakani. Halafu kuna mmomonyoko. Aliyefika Isimila akaona zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji, ameona maji ya mvua yanavyoweza kuula udongo wa aina hiyo yakipewa muda.

Mafinga, Mufindi, Njombe, kwenye chai na misitu ya misindano, udongo mwekundu mzito wa kina kirefu ndio umetawala. Kwa ujumla ndio wa kuaminika zaidi. Shida zake ziko mabondeni, kwenye vinyungu, nitakuja huko.

Hatua ya kwanza: simu na makaratasi

Anza na picha za setilaiti. Kwenye Google Earth ya kompyuta kuna kitufe cha kurudisha picha nyuma miaka. Kitafute kiwanja, kisha urudi taratibu mpaka kabla nyumba haijajengwa. Unatafuta mashimo ya tofali (yanaonekana kama madoa yenye kingo kali, pembeni kuna alama nyeusi za tanuri), mkondo wa maji uliokuwa unapita hapo, au shamba la bondeni. Ujanja ninaoupenda: tafuta picha ya Septemba au Oktoba. Mwezi huo kila kitu huku ni kahawia. Mahali palipobaki kijani bila umwagiliaji, maji yako karibu na uso wa ardhi.

Ramani za udongo za bure zipo mtandaoni. SoilGrids inaonyesha udongo kwa vipande vya mita 250 hadi kina cha mita 2. iSDAsoil, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, ina vipande vya mita 30 lakini inaishia sentimeta 50 kwenda chini. Ziangalie upate asilimia ya mfinyanzi, ila usizifanye msahafu. Hazikupimwa kwenye kiwanja chako, zimekadiriwa, na zimetengenezwa zaidi kwa kumfikiria mkulima. Mahindi hayajali kilichopo mita moja na nusu chini, ila msingi wako unajali. Kwa miamba na nyufa kubwa za ardhi, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyopo Dodoma inatoa ramani za jiolojia.

Nyufa za ardhi nazitaja kwa sababu tuko kwenye Bonde la Ufa. Desemba 1910 tetemeko kubwa lilipiga upande wa Rukwa. Huwezi kulikwepa tetemeko kwa kuchagua mtaa, lakini nyumba isiyo na mkanda wa zege (zege lenye nondo linalozunguka kuta zote), iliyokaa juu ya kifusi kilegevu, hutikisika vibaya kuliko jirani yake aliye juu ya mwamba.

Halmashauri, idara ya ardhi na mipango miji, omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Je, kiwanja kilipimwa kama makazi, au kilikuwa eneo la wazi kwa sababu ni mkondo wa maji? Pima pia umbali wa mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina matatizo mawili, la udongo na la sheria. Ofisi za Bodi za Maji za Mabonde nazo zina habari za visima: Bonde la Ziwa Rukwa iko Mbeya, la Rufiji iko Iringa, la Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

Kwa muuzaji omba vitu vitatu: kibali cha ujenzi, picha za wakati wa kuchimba msingi, na ripoti ya udongo kama ipo. Ripoti mara nyingi haipo kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Picha mara nyingi zipo, kwenye simu ya mtu fulani. Picha moja ya mtaro wa msingi ina thamani kuliko maelezo ya dalali ya saa nzima.

Hatua ya pili: waulize waliochimba

Hapa usiharakishe. Watu wanaojua udongo wa mtaa si wenye nyumba, ni waliouchimba: wachimba vyoo, wachimba visima, wapiga tofali, na vijana wanaochimba makaburi ya kata. Mchimba vyoo mmoja wa Ipogolo anaweza kukwambia jiwe linaanzia futi ngapi nyumba kwa nyumba. Mpiga tofali atakwambia udongo mzuri wa tofali ulikuwa wapi, yaani mashimo yalikuwa wapi.

Usimwendee mtu kama mpelelezi. Salimia kwanza, na kama unajua "kamwene" au "ugonile", itumie. Mazungumzo yangu na bibi mmoja wa Mbalizi yalikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Bibi, natafuta nyumba ya kununua huku. Mlipochimba choo chenu mlikutana na nini?"

"Aa, hapo juu udongo, halafu changarawe, halafu maji. Mwezi wa tatu choo kinajaa chenyewe."

Hapo umeshapata matabaka, na umepata kina cha maji ya masika. Uliza pia kisima chao maji hupanda hadi wapi mwezi wa tatu na wa nne, nani kwenye mtaa alibomoa ukuta akajenga upya, na kiwanja unachokitaka kilikuwa nini zamani. Iringa na Njombe, ukisikia neno "vinyungu", simama hapo hapo. Vinyungu ni bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa sababu udongo haukauki. Nyumba iliyojengwa kwenye kinyungu cha zamani imejengwa juu ya sifongo.

Swali ninaloliona bora kuliko yote, waulize wapangaji: "Milango yenu hukaza miezi gani?" Jibu likiwa "masika hukaza, kiangazi hulegea", inaweza kuwa mbao tu zinavimba. Likiwa "ule wa nyuma kila mwaka unazidi", basi kuna kona inashuka. Likiwa ni milango yote, na nyufa hufunguka Oktoba na kufunga Machi, una mfinyanzi unaovimba chini.

Mwenyekiti wa mtaa muone pia, kwa heshima na kwa taarifa ya mafuriko. Ila usitegemee akuharibie biashara ya mkazi wake.

Hatua ya tatu: tembea mtaa mzima

Kama nafasi ipo, nenda mara mbili: Oktoba kuona udongo uliokauka ukapasuka, na Machi au Aprili kuona maji. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi inayobaki ardhi haisemi ukweli wote. Kama hamna muda, basi lazima usome dalili.

Angalia nyumba za jirani, hasa zisizopakwa rangi. Nyumba tano zenye ufa kwenye kona ile ile ya upande wa bondeni si uzembe wa mafundi watano. Angalia uzio: uzio una msingi wa juu juu, kwa hiyo hupasuka kabla ya nyumba, na hakuna anayejisumbua kuuziba. Nguzo za umeme na miti iliyoinamia bondeni, au shina lililopinda chini kisha likanyooka juu, ni dalili kwamba udongo unatambaa. Matete ni dalili ya maji. Kichuguu ni dalili ya mfinyanzi na mapango ya mchwa ndani, na ukiambiwa "kilikuwepo kikasawazishwa", uliza kilikuwa upande gani wa nyumba.

Mikaratusi isikupite. Imejaa huku, na kila mmoja mkubwa ni pampu ya maji. Ikiwa karibu na ukuta kwenye mfinyanzi, hukausha upande mmoja wa msingi na udongo ukasinyaa. Ikikatwa, maji hurudi na udongo hupanda tena. Kwa hiyo kisiki kipya kando ya nyumba kinahitaji maswali sawa na mti wenyewe.

Tafuta madirisha ya bure ya kuchungulia ardhini: mtaro wa bomba unaochimbwa, shimo la choo la jirani lisilofunikwa, ukingo wa barabara. Piga picha ukiwa umeweka futi.

Hatua ya nne: chimba mwenyewe

Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Akikataa kabisa shimo moja dogo uani, nawe ni mnunuzi halisi, hilo pia ni jibu.

Chimba mahali pawili, upande wa juu na upande wa chini wa mteremko, angalau mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta usije ukaulegeza msingi, na uliza kwanza mabomba na nyaya zinapita wapi. Kina cha mita moja kinatosha. Usiingie kwenye shimo linalokupita kifua, hasa kwenye udongo wa volkano.

Soma rangi kabla ya kugusa. Nyekundu au kahawia ya sare: maji hupita vizuri. Kijivu, au kijivu chenye madoa ya kutu: sehemu hiyo hukaa ndani ya maji kila masika, hata kama leo ni vumbi. Madoa hayo ndiyo yanayokuwezesha kuiona Machi ukiwa Agosti. Vipande vya nailoni, mkaa, tofali, au rangi zilizochanganyika bila mpangilio: kifusi.

Kisha kanda. Lowesha udongo kidogo, ukande kama unga wa chapati, uusukume kwa gumba juu ya kidole utoe utepe. Ukikatika kabla ya sentimeta 2.5, ni tifutifu au kichanga. Ukivuka sentimeta 5, ni mfinyanzi wa kweli na lazima ufanye kipimo cha kusinyaa.

Kipimo hicho ni rahisi na kinasema mengi. Pasua katikati bomba la plastiki upate mfereji wa sentimeta 30, uupake mafuta ndani, uzibe ncha. Chekecha udongo, uchanganye na maji uwe mzito kama ugali unaoanza kushikana, ujaze, gonga gonga hewa itoke. Weka kivulini siku tatu nne, kisha juani mpaka ukauke kabisa. Usukume wote upande mmoja upime nafasi iliyobaki. Chini ya sentimeta 1.5 usihangaike. Kati ya 1.5 na 2.4 uwe macho. Zaidi ya hapo, yaani zaidi ya asilimia 8, usinunue kabla mhandisi hajaona msingi.

Chupa ya maji wengi wanaijua: theluthi ya udongo, maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, weka chini. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja, vumbi laini ndani ya saa mbili hivi, mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka. Onyo kwa watu wa Rungwe na Uyole: chembe za udongo wa majivu ya volkano hushikana na hazitengani vizuri ndani ya maji, kwa hiyo chupa itakuonyesha mchanga mwingi kuliko ulivyo. Huko amini mkono kuliko chupa.

Iringa na pembezoni mwa Usangu ongeza kipimo cha glasi. Dondosha bonge kavu la ukubwa wa harage kwenye maji ya mvua yaliyotulia, usikoroge. Likimeguka na maji yakabaki safi, kawaida. Likitoa wingu kama maziwa ndani ya dakika kumi, udongo huo unayeyuka: maji ya bati yakimwagika bila mtaro yataula mpaka chini ya msingi.

Kwa kifusi tumia nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu. Ipigilie kwa nyundo ile ile, mkono ule ule, karibu na kila kona ya nyumba, uhesabu mapigo kwa kila sentimeta 10. Namba moja moja haina maana. Unatafuta kona inayotofautiana na wenzake. Kama kona tatu zilikula mapigo kumi na mbili na ya nne inashuka kwa matatu, umepata shimo la shangazi yangu.

La mwisho ni maji taka. Kwenye shimo lenye upana wa sentimeta 30, jaza maji jioni, yaache yaishe usiku. Asubuhi weka maji ya kina cha sentimeta 15 upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimeta 2.5 kwa saa, shimo la kunyonya la nyumba hiyo litafurika masika. Yakitoweka kwa dakika chache, kama kwenye vijiwe vya volkano, choo hakitajaa kamwe, ila maji yake yanakwenda kwenye kisima cha mtu. Labda chako.

Lini umwite mtaalamu

Kama ni mbuga, kama nondo imeonyesha kifusi, kama kuna ukuta wa udongo uliochongwa nyuma ya nyumba, au kama ni ghorofa. Maabara za TANROADS mikoani hupima udongo wa barabara kila siku, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kinafundisha uhandisi ujenzi. Waulize kama wanapokea sampuli za watu binafsi. Ripoti ikuambie uwezo wa udongo kubeba uzito, tabia yake ya kuvimba, na kina cha maji.

Siku ya ukaguzi, karatasi mkononi

Mpe fundi au mhandisi wako ukurasa mmoja: udongo ni huu, kona inayotia shaka ni hii, maji hufika hapa. Akianza na dari, mrudishe chini.

Kama karatasi inasema kifusi, anzia kona dhaifu. Tafuta ufa unaopanda kwa ngazi kupitia viungo vya tofali kutoka dirishani. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mwisho wa ukuta ndio unashuka. Ukiwa mpana chini, katikati pametitia. Weka gololi sakafuni uone inakokwenda. Ufa usiozidi milimita moja ni wa lipu, wa hadi milimita 5 unarekebishika, kuanzia hapo hadi 15 ni kazi kubwa, na zaidi ya 15 unazungumzia kubomoa na kujenga upya sehemu ya ukuta. Lipu mpya mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa zamani, iguse na iulize maswali.

Kama inasema mbuga, angalia jamvi, yaani zege la sakafu: sakafu iliyotuna katikati ya chumba, na ufa unaozunguka baraza pale inapokutana na nyumba. Muulize fundi kama kuna mkanda wa chini wenye nondo, na msingi ulikwenda kina gani. Kozi tatu za tofali juu ya udongo mweusi hazitoshi hata kwa banda la kuku wa kisasa.

Kama ni Iringa ya jiwe na udongo, tafuta ufa uliosimama karibu wima, unaokata ukuta wa mbele, sakafu na ukuta wa nyuma kwenye mstari mmoja. Huo ndio mpaka.

Kama ni mteremko, toka nje kwanza. Nyufa za ardhini zinazofuata mlima kwa upana, ukuta wa kuzuia udongo uliotuna tumbo, au usio na matundu ya kutolea maji: ukiona lolote kati ya hayo, ondoka na fedha yako. Na kama maji ni ya juu, chumvi nyeupe na lipu iliyobanduka hadi nusu mita kutoka sakafuni vitakwambia kabla ya pua.

Makosa ya udongo si lazima yaue biashara. Mtaro, mifereji ya bati na kuelekeza maji mbali na msingi huponya nyumba nyingi kwa bei ndogo. Kuchimba chini ya msingi na kumwaga zege upya ni gharama nyingine kabisa, iombee makadirio ya fundi wawili uyaondoe kwenye bei mkiwa bado mmekaa mezani, kabla ya hati kubadilishwa jina. Shangazi aliilipa gharama hiyo mwenyewe, kona moja tu, na hadi leo hataki kuniambia ilikuwa kiasi gani.

Na mashimo yako uyafukie kabla hujaondoka, tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila moja. Shimo lililofukiwa ovyo karibu na msingi ndilo lililotuleta hapa.